Kuhamishia vitu kwenye D si kuhifadhi

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa kompyuta hapa Dodoma hawajakosa kazi. Ukipita kwenye vibanda vyao katika zile barabara za katikati ya mji zinazoitwa kwa namba, utakuta laptopu zimepangwa mezani, nyingi zikiwa zile zilizoingia nchini baada ya kutumika maofisini ughaibuni, na juu ya kila moja kumebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe na maagizo mafupi: "Piga Windows," yaani weka Windows upya. Ni mara chache karatasi hiyo husema lolote kuhusu vitu vilivyomo ndani. Fundi muungwana atauliza kama kuna vitu vya muhimu, mteja atajibu kwamba vipo na asivifute, na fundi atamtoa wasiwasi kwa kauli ambayo sote tumeizoea: "Usijali, navihamishia kwenye D."

Sina ugomvi na mafundi, na desturi hiyo ilizaliwa kwa sababu ya msingi. Katika kompyuta nyingi za kwetu, D ni sehemu ya diski ileile moja iliyogawanywa mara mbili. Enzi za Windows 7 fundi alifomati (yaani alifuta na kuiandaa upya) C peke yake, ile sehemu inamokaa Windows, akaiacha D kama alivyoikuta, kazi ikaisha salama na watu wakajenga imani. Siku hizi mambo yamebadilika. Windows 11 inadai kompyuta inayowaka kwa utaratibu wa UEFI, na utaratibu huo nao unadai diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT, ilhali laptopu nyingi za umri wa kati zilipigwa Windows kwa mtindo wa zamani wa MBR. Fundi anapofika mahali pa kuchagua patisheni, yaani sehemu ya diski, ya kuweka mfumo mpya, kompyuta inamkatalia na kumweleza kwamba diski ina mgawanyo wa MBR. Njia ya mkato ya kuondoa kizuizi hicho ni kufuta patisheni zote, moja baada ya nyingine, mpaka diski nzima ibaki kuwa eneo tupu, kisha kuendelea. Hapo D imekwenda pamoja na C. Ipo programu ndogo ya Microsoft yenyewe, MBR2GPT, ambayo imekuwa ikija ndani ya Windows tangu 2017 na ambayo hugeuza mgawanyo huo bila kufuta mafaili, lakini ina masharti yake, na fundi mwenye foleni ya wateja jioni ya Ijumaa hana muda wa kuyasoma.

Wanaohamia Linux, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, wako katika hatari hiyohiyo kwa njia nyingine. Wapo wengi sasa, kwa sababu Windows 11, pamoja na kuhitaji RAM ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, inataka pia kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha rasmi inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za kizazi cha saba. Laptopu nzima kabisa inayokosa sifa hizo inaweza kuishi miaka mingine kwa Linux Mint au Ubuntu. Tatizo ni kwamba programu ya kuweka mifumo hiyo ina chaguo la kufuta diski yote, nalo ndilo jepesi kuliko yote kwa mtu asiyetaka maswali mengi. Diski yote maana yake ni diski yote, ikiwemo D.

Wapo wanaotegemea kwamba hata kikifutwa, fundi ana programu ya kurejesha. Kwa diski za zamani zenye sahani inayozunguka, tegemeo hilo lilikuwa na ukweli fulani, kwa kuwa kufomati kwa haraka hakugusi data yenyewe mpaka iandikiwe juu. Kwa diski za SSD, zisizo na sahani hiyo, ambazo watu wengi wamekwisha kuzifunga ili laptopu iwe nyepesi, mfumo hutoa amri iitwayo TRIM inayoijulisha diski kwamba maeneo fulani hayatumiki tena, nayo huyasafisha yenyewe bila kumngoja mtu. Kuhamishia vitu D katika hali hiyo ni kuhamishia kabati chumba cha pili katika nyumba inayobomolewa. Nakala ni ile iliyotoka nje ya mashine ikakaa mahali pengine, basi.

Ugumu wa kazi hii, hata hivyo, hauko kwenye kunakili. Uko kwenye kujua vitu vyako vilipo, na hili fundi hawezi kukusaidia kwa sababu hajui wewe unafanya nini na kompyuta yako. Jirani yangu mmoja wa Kisasa, mama mtu mzima ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, aliniletea laptopu yake kabla ya kuipeleka kwa fundi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mwanangu, mimi vitu vyangu si vingi. Ni ile Excel ya kikundi, na picha za harusi ya dada yako." Akachomeka flashi mwenyewe, akaivuta alama ya Excel kutoka kwenye Desktop, na kabla hajaondoa mkono kazi ikawa imekwisha. Ilikwisha upesi mno. Alama ile ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona yake ya chini kushoto, na nilipoangalia ukubwa wake nikakuta kilobaiti 2. Ilikuwa njia ya mkato tu, na faili lenyewe lilikuwa ndani ya Downloads, mahali ambapo lilitua siku katibu wa kikundi alipomtumia kwa barua pepe, na hapo ndipo mahesabu yote ya hisa, mikopo na jamii yamekuwa yakiandikwa tangu siku hiyo. Flashi ile ingekwenda kukaa kabatini ikiwa na kimshale peke yake.

Pembeni mwa Desktop kulikuwa na vikaratasi vya njano vya programu ya Sticky Notes. "Na hivi, mama, ni vya nini?" Akacheka. "Hao ndio wanaodaiwa faini." Orodha ya wadaiwa wa kikundi kizima haikuwa ndani ya faili lolote ambalo angeweza kulinakili kwa kuliona, kwa sababu programu hiyo huhifadhi maandishi yake ndani ya folda iliyofichwa iitwayo AppData, na yeye hakuwa ameiunganisha na akaunti yoyote ya Microsoft. Tulifanya jambo rahisi kuliko kuihangaikia folda hiyo: tukanakili maneno yote, tukayabandika kwenye hati ya Word na kuihifadhi. Picha za harusi nazo hatukuzikuta kwenye Pictures. Zilikuwa kwenye folda iliyosimama peke yake moja kwa moja ndani ya C, yenye jina la studio, kama mpiga picha alivyoiweka siku alipomletea.

Nimeieleza laptopu hiyo kwa kirefu kwa kuwa ndivyo zilivyo nyingi. Watu huambiwa wanakili folda ya Documents, na vitu vyao vingi haviko huko. Mahali pa kuanzia ni folda yenye jina lako ndani ya Users katika C, maana humo ndimo zinamokaa Desktop, Documents, Downloads, Pictures na nyinginezo, na wengi hushangaa kuambiwa kwamba Desktop nayo iko ndani ya C na itafutika kama vingine. Chukua folda hiyo nzima badala ya kuchagua. Kisha ingia C yenyewe, halafu D kama ipo, na uangalie kila folda ambayo hukumbuki kuwa ni ya mfumo. Mwanafunzi wa UDOM au wa St. John's anayeandika tasnifu na kutumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, anapaswa kujua kwamba marejeo yake yote hukaa, kwa kawaida, kwenye folda iitwayo Zotero iliyo sambamba na Documents, haiko ndani yake. Akinakili Documents peke yake atabaki na sura za tasnifu zisizo na maktaba nyuma yake.

Kuhusu OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kuna mtego wake. Windows ya siku hizi hupenda kuzihamishia Desktop na Documents ndani ya OneDrive bila mwenyewe kuelewa alichokikubali, na baadhi ya mafaili huonekana yapo ilhali yamebaki mtandaoni, yakiwa na alama ndogo ya wingu pembeni. Faili la namna hiyo haliko kwenye diski. Ukitaka kulinakili, lazima kwanza lishuke kwa intaneti, na kama bando limekwisha, kunakili kutakwama au kutaliruka. Akaunti ya bure ya OneDrive ina gigabaiti 5 tu, kwa hiyo mwenye vitu vingi asidhani kwamba kila kitu kimekwisha kupanda huko.

Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zinahitaji uangalizi wa pekee. Chrome katika Windows huzifunga kwa ufunguo unaotokana na akaunti yako ya Windows ileile, hivyo hata ukiinakili folda yake nzima na kuirudisha kwenye mfumo mpya, nywila hazitafunguka. Njia ni mbili: kuiunganisha Chrome na akaunti ya Google na kuhakikisha kwa simu kwamba nywila zimefika, au kuzitoa kwa faili la CSV, ambalo ni maandishi ya wazi yanayosomeka na yeyote atakayeliokota, kwa hiyo lisikae kwenye flashi ya kuazimana. Firefox ni pole zaidi, maana folda yake ya wasifu ikinakiliwa nzima huenda na nywila zake. Anayetumia Thunderbird kwa barua pepe atafute wasifu wake ndani ya AppData, na anayetumia Outlook ya zamani atafute mafaili yenye mwisho wa PST. Mwenye duka anayeandika hesabu kwa QuickBooks au Tally asinakili folda kwa kubahatisha. Programu hizo zina amri yao ya kutoa nakala, na ndiyo itumike. Tukiwa hapo, andika kwenye daftari orodha ya programu ulizonazo na namba za leseni ulizonunua. Programu zenyewe hazinakiliki.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuweka. Diski ya nje ndiyo bora, na flashi inatosha kwa mwenye hati tu. Jihadhari na flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa terabaiti 2. Nyingi zina gigabaiti 32 au pungufu, zimechezewa ziidanganye kompyuta, nazo hupokea mafaili bila kulalamika huku yale ya mwisho yakiandikwa juu ya yale ya kwanza au yakipotea kabisa. Kwa macho utaona majina yote yapo. Programu ya bure ya H2testw huijaza flashi na kuisoma tena, na itakwambia ukweli wake. Ijaribu flashi ikiwa tupu, kabla ya kuiamini. Jambo jingine ni kwamba flashi nyingi huja zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja lenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi. Video ya kwaya au ya send-off ya saa mbili itakataliwa, na ujumbe utasema faili ni kubwa mno ilhali nafasi ipo tele. Ifomati flashi hiyo kwa exFAT ikiwa bado tupu na tatizo litaondoka.

Kuna anayeuliza kwa nini asipandishe kila kitu mtandaoni. Kwa hati, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule vilivyoskaniwa kwa ajili ya kuombea kazi na tasnifu, ninamuunga mkono kabisa, na gigabaiti 15 za bure za Google, ambazo Gmail, Drive na Photos hugawana, zinatosha. Kwa picha na video afanye hesabu kwanza. Gigabaiti 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, kasi ambayo haitapungua hata mara moja, ni karibu saa 44 mfululizo, mbali na gharama ya bando. Mzigo huohuo kwenda kwenye diski ya nje, hata kwa tundu la kawaida la USB 2.0, ni kama saa moja kwa mafaili makubwa, na muda zaidi kama ni maelfu ya vipicha vidogo. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, kwamba kitu kiwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida naona inatosha diski ya nje kwa vyote na mtandao kwa vile visivyo na mbadala, na diski hiyo ilale kwa ndugu siku ile laptopu inapokwenda kwa fundi. Usiipeleke kibandani pamoja na laptopu. Nimeona diski mbili zinazofanana zimechomekwa kwenye mashine moja na fundi akiwa katika kuchagua ipi ya kufuta, na sikupenda nilichokiona.

Wakati wa kunakili, laptopu iwe kwenye chaji na betri iwe na uhai, maana umeme hauagi. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, achague saa ambayo umeme wa mtaani kwake umetulia. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka isiinuliwe wala kusogezwa ikiwa inafanya kazi, na iondolewe kwa utaratibu wa kuiaga kwenye kompyuta (Eject) kabla ya kuchomolewa.

Kisha hakiki, na hapa ndipo watu huchoka. Bofya kulia folda ya asili na nakala yake, ulinganishe idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Zikitofautiana, tafuta sababu kabla ya kwenda mbele. Kulinganisha huko hakutoshi, kwa hiyo peleka diski kwenye kompyuta nyingine na ufungue vitu vyenyewe: faili la Excel mpaka karatasi ya mwisho, picha za mwanzo wa folda na za mwisho wake, video ukiirukisha hadi katikati, na kila faili la zip. Ukiichomeka kwenye kompyuta ya steshenari, uwe macho na vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mafaili huwa bado yapo, yamefichwa tu, lakini ni bora kutumia kompyuta ya mtu unayemwamini.

Kabla ya kumkabidhi fundi laptopu, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data. Laptopu nyingi mpya hufungwa zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na fundi akibadilisha mipangilio ya kuwasha mashine, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hupatikana ndani ya akaunti yako ya Microsoft mtandaoni. Uandike karatasini mapema, kwa sababu siku ya kuuhitaji ni siku ambayo laptopu haiwaki. Na kwa kuwa nimetaja laptopu isiyowaka, mwenye nayo asikubali upesi kwamba vitu vimepotea. Kama diski ni nzima, flashi yenye Linux Mint inaweza kuiwasha mashine bila kuweka chochote, ukaziona folda zako za Windows na kuzinakili kwenye diski ya nje. Fundi anayeanza kwa kufomati kabla ya kujaribu hilo anakimbilia mwisho.

Kama unapandisha kutoka Windows 10 kwenda 11 ukiwa ndani ya Windows yenyewe, utaulizwa kama unataka kubakiza mafaili na programu, mafaili peke yake, au kutobakiza kitu. Hata ukichagua kubakiza vyote, nakala iwepo. Windows ya zamani huhifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 za kurudi nyuma kabla haijasafishwa. Patisheni zikifutwa, folda hiyo haipo.

Mfumo mpya ukishakaa, rudisha hati na picha, lakini usirudishe programu wala mafaili ya kuwekea programu yaliyotoka kwenye Downloads za zamani. Hizo pakua upya kutoka kwa wenyewe. Nakala iache kama ilivyo kwa muda wa kutosha kupitia mzunguko mmoja kamili wa kazi zako, yaani mwezi wa mahesabu kwa mfanyabiashara na mgao kwa kikundi, kwa sababu kuna mafaili ambayo hayakumbukwi mpaka siku yao ifike. Muulize fundi kama naye alibakiza nakala kwenye diski yake ya kazi, na umwombe aifute mbele yako. Kwa mweka hazina wa kikundi jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Majina, namba za NIDA na namba za simu za wanachama ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kuzifunga folda hizo kwa nywila ndani ya diski ya nje, na nywila hiyo iandikwe mahali ambapo katibu wa kikundi naye anaweza kuipata.